Mbwa Asiye na Mwenyewe

Wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam hawahitaji kufafanuliwa tangazo la mbwa. Lipite kwenye gari lenye spika au libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, ujumbe ni ule ule: mwenye mbwa amfungie na ampeleke akachanjwe, na mbwa atakayekutwa anazurura bila mwenyewe ataondolewa. Ataondolewa kwa risasi, au kwa kipande cha nyama chenye sumu kilichotegwa usiku karibu na jalala. Kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni mpaka Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, jambo hili likifika kwenye mkutano wa mtaa linagawa watu. Mzazi anauliza halmashauri ilikuwa wapi siku zote. Jirani yake anataka kujua nani atamlipa mbwa aliyeuawa akiwa amelala nje ya geti lake. Afisa mifugo wa manispaa, ambaye hakuajiriwa ili achukiwe, anajibu kwamba anatekeleza sheria ndogo. Wote watatu wana hoja. Lakini nadhani wote watatu wamekwisha kukubaliana, bila kujua, katika jambo ambalo ndilo kiini cha ugomvi: kwamba uhai wa mnyama unalindwa na mwenyewe, na akikosekana mwenyewe hakuna tena wa kudai. Mzazi anasema auawe kwa kuwa hana mwenyewe, jirani anasema asiuawe kwa kuwa mwenyewe ni yeye, na afisa anauliza tu mwenyewe yuko wapi. Msingi huo ni mbovu kwa mizani ya dini zinazofuatwa na watu wengi wa mji huu, na ni mbovu pia kwa mizani ya ushahidi wa kitabibu. Ukishauondoa, halmashauri inabaki na sababu moja tu ya kuua, nayo ni dharura. Na dharura ina masharti yake.

Tuanze kwa kumtendea haki afisa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wakazi, pamoja na uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa wataalamu wa mifugo mamlaka ya kudhibiti magonjwa. Na ugonjwa wenyewe si wa kufanyia mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kidonda kilichopona wiki kadhaa nyuma kinaanza kuwasha au kufa ganzi, koo linakaza, mgonjwa ana kiu lakini akisogezewa kikombe cha maji mwili mzima unashtuka, na kwa vipindi akili yake inakuwa timamu kiasi cha kuelewa kinachompata. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mara nyingi kuliko inayoonekana kwenye vitabu vya hospitali, kwa sababu wengi hufia nyumbani. Duniani kote makadirio ni watu wapatao 59,000 kwa mwaka, takriban wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto. Anayemtazama afisa aliyeshika bunduki akaona ukatili tu, hajamtazama vizuri. Mtu huyu anaamini anaokoa watu, na kama imani yake ingekuwa sahihi, makala haya yangeishia hapa.

Lakini kwanza, mbwa huyo ni nani? Kwenye vitongoji vinavyojengwa mbwa ni sehemu ya ujenzi. Mtu ananunua kiwanja, anainua ukuta mpaka usawa wa madirisha, hela inakata, pagale linakaa miaka. Nondo, mabati na mifuko ya saruji vinataka ulinzi, na mlinzi wa bei nafuu kuliko wote ni mbwa anayelishwa makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Usiku anabweka kwa niaba ya nyumba tatu au nne. Kukipambazuka geti linafunguliwa, anatoka kujitafutia: buchani, kwa mama lishe, kwenye mifuko ya taka ambayo gari halijaja kuichukua. Akimng'ata mpita njia saa nne asubuhi, hakuna nyumba kati ya zile nne inayomjua. Akiuawa, mara anapata mwenyewe, tena mwenye hasira. Tafiti zilizofanyika nchini zimerudia kuonyesha kwamba wengi wa mbwa wanaozurura wana kaya inayowatambua. Maana yake ni kwamba afisa hamkuti barabarani mbwa asiye na mwenyewe kama anavyokuta jiwe. Swali la mbwa wa nani linaulizwa likiwa limebeba faini mgongoni, na watu wazima, wenye busara zao, wanainamisha macho. Hapo ndipo mbwa anapopoteza mwenyewe. Kwa hiyo halmashauri inaua kwa kutegemea sifa ambayo wakazi wenyewe humvika na kumvua mnyama kwa kadiri ya saa na gharama, na sifa ya namna hiyo haiwezi kubeba uzito wa kuamua nani aishi na nani afe.

Kuna wanaosema uamuzi huo hauna uzito wowote, kwa kuwa mbwa ni najisi. Hoja hii husikika sana kwenye mji wa pwani, ambako Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Imam Shafii, na ni kweli kwamba madhehebu hayo ni miongoni mwa yaliyo makali zaidi katika suala hili: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ila hoja inaruka hatua. Hukumu ya najisi inamhusu mwenye kuswali, nguo yake, mwili wake na mahali pake pa kusujudu. Haisemi lolote kuhusu thamani ya uhai wa kinachotoa najisi hiyo. Damu ya mwanadamu ikimwagika nayo ni najisi katika fikihi hiyo hiyo, na hakuna mwanachuoni aliyewahi kuhitimisha kwamba kwa hiyo maisha ya mwenye damu ni mepesi. Tena ukifungua mlango wa kutayamamu katika vitabu vya Kishafii, mahali ambapo mtu hategemei kumkuta mbwa, unamkuta. Msafiri ana maji kidogo, wakati wa swala umeingia, na pembeni yake yuko mnyama mwenye heshima ya uhai anayekaribia kufa kwa kiu. Maji hupewa mnyama, na msafiri hutayamamu kwa udongo. Wanaotolewa katika heshima hiyo hutajwa mmoja mmoja, na miongoni mwao yumo mbwa mkali anayejeruhi; mbwa asiyedhuru, kwa kauli iliyotegemewa na wengi katika madhehebu, yumo ndani ya heshima. Naiona hukumu hii kuwa nzito kuliko mawaidha mengi, maana inaitanguliza kiu ya mbwa mbele ya maji ya udhu, na haiulizi popote mbwa huyo ni wa nani. Mafundisho mengine ni mashuhuri: Hadithi ya aliyesamehewa dhambi kwa kumteremkia mbwa kisimani na kumletea maji, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Sura ya Al-An'am inawaita wanyama kuwa ni umma mfano wa watu, na Sura ya Al-Kahf inamhesabu mbwa pamoja na vijana wa pangoni, akiwa amelala mlangoni pao. Mnyama ambaye ni umma mbele ya Mola wake tayari ana mwenyewe, hata kama mtaa mzima wa Mbande umemkana.

Msomaji aliyesoma ataniuliza kuhusu amri ya kuua mbwa, maana ipo katika Hadithi sahihi na haifai kuificha. Jibu liko katika vitabu vile vile. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ananukuu kauli ya Imam al-Haramayn al-Juwayni, mmoja wa vigogo wa madhehebu: amri ya kuua mbwa wote ilitolewa kwanza, ikafutwa na kubakizwa mbwa mweusi tititi, kisha sheria ikatulia juu ya katazo la kuua mbwa yeyote asiye na madhara, mweusi au mwingine. Wapo waliotofautiana naye katika maelezo, lakini Nawawi anasema wanazuoni wameafikiana juu ya yule anayejeruhi: huyo huuawa. Na anayejeruhi ni nani? Imam Malik alilipanua fungu hilo likahusu kila mnyama anayewashambulia na kuwatisha watu, akawataja simba, chui na mbwa mwitu. Kwa maneno mengine, kinachohukumiwa ni tendo. Simba anaingia kwenye fungu kwa alichofanya, na mbwa wa kufugwa anatoka humo kwa alichojizuia kufanya. Sheria ndogo ya halmashauri inakwenda kinyume kabisa. Mbwa aliyeng'ata watu wawili, kama ana kola na bwana mwenye sauti mtaani, anaweza kusalimika. Asiyewahi kumkaripia mtu anauawa kwa kukosa kola.

Wakristo wa mji huu nao hawana kichaka cha kujifichia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinapanga kesi ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe. Akiwa hana historia hiyo, ng'ombe huuawa na mwenyewe hana hatia. Akiwa na mazoea hayo na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumfungia, hatia inampanda mwenye ng'ombe, na ni hatia ya damu. Sheria hiyo ya kale inatambua jambo ambalo mikutano yetu ya mitaa inalikwepa, kwamba mnyama akidhuru mara ya pili, wa kwanza kuulizwa ni binadamu aliyeonywa. Na Mithali, sura ya 12, inaufanya uangalizi wa uhai wa mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Sitaki kuzidisha, kwa maana katika Biblia mbwa kwa kawaida hatajwi kwa sifa. Ninachodai ni kidogo: hakuna mapokeo yoyote kati ya haya mawili yanayokubali kwamba mnyama aliyekosa bwana ni mnyama aliyekosa haki.

Hivyo tunafika kwenye dharura, ambayo ndiyo hoja yenye nguvu ya afisa. Wanazuoni wa fikihi wanakubali kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, halafu papo hapo wanaongeza kwamba hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa, kwa kauli ya wengi wao, anaruhusiwa nyamafu kwa kiasi cha kumwokoa, haruhusiwi kushiba. Kwa kipimo hicho, kuua mbwa kwa wingi kungekuwa na udhuru kama kweli kunazuia ugonjwa, na kama hakuna njia nyepesi zaidi. Sharti la kwanza linaanguka kwa ushahidi uliokusanywa hapa hapa Tanzania. Utafiti uliofanywa Serengeti na Ngorongoro na kuchapishwa mwaka 2009 ulifuatilia nani alimng'ata nani, ukakuta kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa kati ya mmoja na wawili. Na ulipolinganishwa na milipuko ya nchi nyingine, kiwango hicho kilikuwa karibu kile kile, mbwa wawe wengi au wachache. Sababu inaeleweka ukimfikiria mbwa mgonjwa anavyokwenda: hatulii mahali, anakimbia kilomita nyingi, anatafuta wa kumng'ata. Kupunguza mbwa nusu hakumzuii kuwafikia waliobaki. Kunachofanya ni kuacha nafasi, na nafasi ile inajazwa na vitoto vya mbwa ambavyo havina chanjo. Zaidi ya hapo, bunduki humpata kwanza mbwa mpole asiyekimbia watu, ambaye mara nyingi ndiye yule aliyekubali kushikwa siku ya chanjo. Na wenye mbwa wakisikia gari linakuja, wanamficha, au wanampakia kwenye Kirikuu na kumpeleka kwa ndugu Mkuranga. Kama amebeba ugonjwa, halmashauri imeusafirisha bila kujua.

Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kililipia somo hili. Kichaa kiliingia huko mwaka 1997, viongozi wa eneo wakaamuru mauaji ya mbwa kwa wingi, karibu asilimia 70 yao katika wilaya ulikoanzia ugonjwa, na bado kikaenea kisiwa kizima. Linganisha na Pemba, ambako sharti la pili, la kukosekana njia nyepesi zaidi, nalo linaanguka. Kuanzia mwaka 2010 Pemba ilikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani uliochanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania. Mwaka 2014 kichaa kilitoweka kisiwani, mwaka 2016 kikarudi kutoka nje, chanjo ikaongezewa nguvu, na kufikia mwaka 2018 kilikuwa kimekwisha tena. Kiwango kinacholengwa ni asilimia 70 ya mbwa, tena kila mwaka, kwa kuwa mbwa wetu hufa wadogo na kuzaa haraka, kinga ya jumla ikishuka upesi. Na hawa ni Wapemba, ambao karibu wote ni Waislamu, watu wasioweka mbwa ndani na wanaochunga sana twahara zao. Anayesema kwamba utamaduni wetu hauruhusu kushika mbwa kwa dakika moja ili achomwe sindano, aende Wete akawaulize.

Pingamizi lenye uchungu zaidi ni la mtoto aliyeng'atwa akienda shule au madrasa, na yeyote anayelijibu kwa takwimu peke yake anastahili kunyamazishwa. Mbwa aliyemng'ata, akiwa mgonjwa au mkali, auawe. Juu ya hilo sijakuta dini wala falsafa inayobishana. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kabla ya mengine yote, na mtoto apelekwe kuchanjwa siku hiyo hiyo, arudi kwa kila dozi. Lakini mtoto huyo hajatendewa haki yoyote kwa kuuawa mbwa arobaini ambao hawakumgusa. Wazazi wanatulizwa kwa kuona kwamba kuna jambo limefanyika. Hapo naona hatari ya kimaadili iliyo kubwa kuliko risasi zenyewe: mauaji yanageuka kuwa risiti ya uwajibikaji. Halmashauri inaandika idadi ya mbwa waliouawa kwenye ripoti ya robo mwaka, idadi inaonekana kubwa, na hakuna anayeuliza dozi ngapi za chanjo ya binadamu zilikuwepo kwenye kituo cha afya cha kata wiki ile.

Wapo watakaosema nchi maskini haina anasa ya kuchanja mbwa. Hesabu inakwenda upande mwingine. Dozi ya mbwa ni ya bei ndogo na moja humkinga kwa mwaka au zaidi. Aliyeng'atwa anahitaji dozi kadhaa, nauli ya kwenda na kurudi, na siku za kazi zilizopotea, na familia nyingi hukatisha dozi njiani kwa sababu ya gharama hiyo. Risasi nazo zinanunuliwa, na mwaka unaofuata zinanunuliwa tena. Hata Thomas Aquinas na Kant, ambao hawakuona kwamba mnyama ana haki yake mwenyewe, walionya kwamba anayezoea ukatili kwa mnyama anaanza kuuzoea kwa watu. Na Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwenda mbali kuliko wote wawili, kwa kukataza kumtesa mnyama bila sababu ya lazima. Sumu inayomgaragaza mbwa mchangani mpaka kupambazuke, watoto wakipita na mabegi yao, ni vigumu kuona inavyoingia ndani ya sheria hiyo.

Ugomvi wa wakazi na watawala kuhusu mbwa si wa Dar es Salaam peke yake, na historia ya bandari za mashariki ina kesi mbili ambazo diwani yeyote angefaidika kuzijua. Mwaka 1832 watawala wa Kiingereza mjini Bombay walikuwa wakitoa malipo kwa kila mbwa aliyeuawa. Wawindaji, kwa tamaa ya malipo, wakaanza kuchukua hata mbwa wa majumbani. Waparsi, ambao dini yao ya Zoroaster inampa mbwa nafasi katika ibada za mazishi, walifunga maduka na kuingia barabarani, na mji ukasimama. Jamii hiyo hiyo baadaye ilileta watu wake Unguja. Kesi ya pili ni ya Istanbul. Mwaka 1910 serikali iliyotaka mji uonekane wa kisasa iliwakamata mbwa wa mitaani kwa makumi ya maelfu na kuwatupa kwenye kisiwa cha mawe kisicho na maji. Wakazi wengi wa Istanbul walikuwa Waislamu waliojua hukumu ya najisi, lakini mbwa wale walikuwa na mitaa yao, walipewa chakula, na walijulikana kwa mipaka ya makazi yao. Vita na majanga yaliyoikumba dola miaka iliyofuata, wapo waliosema ni malipo ya kelele zilizosikika kutoka kisiwani.

Kinachonivutia katika kesi ya Istanbul ni ile nafasi ya tatu, kati ya mbwa wa nyumba fulani na mbwa wa hakuna mtu. Mbwa wa mtaa. Sisi tunayo taasisi ambayo Istanbul ya 1910 ingeitamani: mtaa wetu una mwenyekiti aliyechaguliwa, ofisa mtendaji, wajumbe, na daftari la wakazi. Hakuna kinachozuia daftari hilo liwe na kurasa za mbwa wanaolala kwenye eneo lake, na mtaa wenyewe ukawajibika kwao, kwa chanjo na kwa madhara. Mwenye pagale anayefaidi ulinzi wa usiku alipie kadi ya chanjo, hata kama mchana anamkana. Buchani na kwa mama lishe, taka zifunikwe, maana mbwa wanaongezeka kwa kadiri ya chakula tunachomwaga. Kunguru wa mji huu ni ushahidi wa hilo: waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka mpaka bara, wakashamiri kwenye majalala ya Dar es Salaam, na vizazi vya baadaye vikaanza kuwatega na kuwalisha sumu. Taka zikabaki.

Nitaambiwa kwamba hii ni njia ya mzunguko ya kuwalazimisha Waislamu kufuga mbwa. Sivyo. Kuwajibika kwa mnyama hakuhitaji kumwingiza ndani wala kumshika; kunahitaji kwamba mtu aliyeulizwa mbwa wa nani asiweze kunyamaza bila gharama. Ndiyo maana naona wakazi wana hatia inayolingana na ya halmashauri, na pengine zaidi. Afisa amekosea njia. Wakazi wamekosea katika ushahidi, kwa kumkana mnyama wanayemtumia na kisha kumlilia alipokufa. Ukimsikiliza jirani anayedai fidia, swali la haki la kwanza si bei ya mbwa. Ni kama jina lake limo kwenye kadi ya chanjo ya mwaka huo.

Anabaki mbwa mgonjwa kweli, yule anayetokwa mate, anayeyumba na kuuma hata mti. Huyo hana mjadala, na hapa mamlaka ya afisa ni kamili, ila namna yake iko wazi. Mtaalamu wa mifugo amuue kwa njia isiyomchelewesha, na mwili usitupwe jalalani kama inavyozoeleka. Kichwa kipelekwe Temeke, kwenye maabara iliyo pale makondakta wa daladala wanapopaita Veterinari, ubongo upimwe. Majibu yarudi kwa mtendaji wa mtaa kabla ya siku ya dozi inayofuata, ili kila aliyeng'atwa aambiwe kwa jina kama ugonjwa umethibitika, na mbwa wote wa mtaa huo wachanjwe wiki hiyo hiyo.